Kabla ya kununua rimu za inchi 17, soma ubavu wa tairi

SWALI: "Assalamu alaykum. Nina Toyota Allion ya 2004, nakaa Fuoni, hapa Unguja. Kila wiki naenda kwetu Makunduchi na familia, watu watano na mizigo, na kipande cha mwisho ni njia ya mawe. Gari ilikuja na rimu za inchi 15, tairi 195/65R15. Nimepata rimu za mtumba za inchi 17, safi sana, matundu matano, pamoja na tairi zake 205/40R17 ambazo kashata (meno ya uso wa tairi) bado ipo. Muuzaji ananihakikishia zinaingia bila kugusa popote. Fundi mmoja kaniambia zitaifanya gari nzito na itakula mafuta. Fundi wa pili kasema niache woga, tairi pana ndiyo inayoshika barabara wakati wa mvua. Na jirani yangu mwenye gari kama hii kanishauri nipunguze upepo mpaka psi 25 ili isirushe. Nimsikilize nani?"

JIBU: Waalaykum salaam. Katika hao wanne, fundi wa kwanza ndiye aliyekaribia, ingawa kashika dogo akaacha kubwa. Muuzaji hakusema uongo, lakini ukweli wake haukusaidii kitu. Fundi wa pili kakosea. Jirani, kwa nia njema kabisa, kakupa ushauri wa hatari kuliko wote.

Unachotaka kufanya hakina ubaya. Rimu za 17 zinaweza kukaa kwenye Allion, zikapendeza na zikafanya kazi miaka. Tabu iko kwenye zile tairi. Wengi wetu huchagua rimu kwa macho, halafu tairi tukachukua iliyokuja nayo, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu kinachobeba gari yako ni upepo uliomo ndani ya tairi. Mpira ni mfuko wa kuushika upepo huo, na rimu ni mfuniko wake. Kila inchi unayoiongeza kwenye rimu unaitoa kwenye nafasi ya upepo.

Tuzisome namba kwanza, maana hesabu yenyewe ni ya daftari la skuli. Kwenye 195/65R15, ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya 195, yaani milimita 127. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, ambayo ni milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, utapata tairi yenye kimo cha milimita 634 hivi. Fanya hivyo hivyo kwa 205/40R17: ubavu ni asilimia 40 ya 205, sawa na milimita 82, rimu ni 432, jumla 596. Kwa hiyo tairi ulizopewa, pamoja na rimu yake kubwa, ni fupi kuliko za asili kwa milimita 38, karibu asilimia 6. Kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni tofauti isiyozidi asilimia 2 au 3, na ikiwa chini ya 1 ndiyo raha zaidi.

Sasa unaona kwa nini muuzaji ana uhakika kuwa hazigusi. Tairi ndogo itagusa nini? Lakini gari yako itashuka kwa nusu ya ile tofauti, milimita 19, na huo ni urefu utakaoukumbuka kila unapopanda tuta. Njia yako ya Makunduchi inapita Jozani, kwenye yale matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju, na Allion yenye watu watano na mizigo nyuma haina nafasi ya ziada chini ya tumbo. Spidimita nayo itakudanganya: ikionyesha 80 utakuwa kwenye 75. Kwa trafiki hilo ni afadhali, ila kilomita zitahesabiwa zaidi ya ulizotembea na injini itazunguka zaidi kwa mwendo ule ule. Mtu akipiga hesabu ya mafuta kwa kilomita za kwenye dashibodi ataona gari imekuwa nzuri kwa mafuta kumbe haijawa.

Hayo ni madogo. Kubwa ni ule ubavu. Ulikuwa na milimita 127 za mpira na upepo kati ya ukingo wa rimu na barabara; utabaki na 82. Umepoteza karibu vidole vitatu. Fikiria tairi inavyoingia kwenye shimo lenye kingo kali, kama yale ambayo lami imemeguka pembeni. Inapofika ukingo wa pili, shimo linaisukuma tairi kutoka mbele huku uzito wa gari unaishusha kutoka juu. Ubavu mrefu unapinda, upepo unakwenda pembeni, gari inaruka na mambo yameisha. Ubavu mfupi unapinda mpaka unakwisha. Hapo mpira unabanwa kati ya vitu viwili vigumu, kama kidole kwenye mlango: chini ukingo wa shimo, juu ukingo wa rimu. Nyuzi zilizomo ndani ya ubavu zinakatika na mpira wa nje unabaki mzima, kwa hiyo huoni kitu siku hiyo. Siku ya pili au wiki ya pili unaona uvimbe ubavuni, ukubwa wa nusu ya yai. Pale upepo umeshapita kwenye nyuzi zilizokatika na umezuiwa na ngozi nyembamba ya mpira tu. Uvimbe huo hauzibwi na hautiwi kiraka. Tairi hiyo imekufa, na ikipasuka inapasuka kwa mara moja. Rimu nayo, ikiwa ya alumini, hupinda mdomo au hupata ufa.

Njia ya mawe inaongeza lake. Mawe ya matumbawe ya upande wa kusini yana makali, na yanakata ubavu kuliko yanavyochoma uso wa tairi. Ubavu mfupi uko karibu zaidi na ardhi na umekazwa zaidi, haukwepi. Rimu pana kuliko tairi yake ni mbaya zaidi, kwa sababu ubavu unalala na mdomo wa rimu unatokeza nje ukipokea mawe wenyewe.

Kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekutajia, nalo ndilo ningeliangalia mwanzo: namba ya uzito. Baada ya ukubwa wa tairi huandikwa namba na herufi, mfano 91S. Hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615. Tairi ya 205/40R17 kwa kawaida ni 84, nayo ni kilo 500, tena ile iliyoimarishwa, yenye maandishi XL. Utaniambia: mara nne ni kilo 2,000, na gari yangu na watu wake wote haifiki 1,700. Hesabu hiyo haijakamilika. Kilo 500 hizo ni kwa upepo kamili, na kwa tairi ya XL upepo kamili ni psi 42. Ukiijaza psi 30 uwezo wake unashuka mpaka kama kilo 380. Mara nne ni takriban 1,520. Allion ina uzito wa kilo 1,200 hivi, weka watu watano na mizigo, umefika 1,600. Na uzito haugawanyiki sawa: ukishika breki unakimbilia mbele, ukikata kona unalalia upande mmoja.

Hapo ndipo ushauri wa jirani unapokuwa wa hatari. Anachosema kinaeleweka, maana tairi fupi inarusha na ukipunguza upepo inalainika. Lakini inalainika kwa sababu ubavu umeanza kupinda zaidi kila unapozunguka, na kitu kinachopindwa maelfu ya mara kwa saa kinapata moto. Joto linalegeza gundi inayoshikanisha mpira na nyuzi, tairi inaachana matabaka, na siku ya jua kali umejaza watu ndipo inapasuka. Kwa psi 25 ile hadithi ya kubanwa shimoni nayo inakuja mapema zaidi. Kanuni ni kinyume cha aliyosema: tairi ya ubavu mfupi inataka upepo mwingi kuliko ya asili. Kama gari inarusha kwa upepo sahihi, tairi hizo hazifai kwa njia zako; upepo usilaumiwe.

Mvua sasa. Fundi wa pili anachanganya lami kavu na lami yenye maji. Penye ukavu ni kweli, tairi pana yenye mpira mzuri inakamata kona zaidi. Penye maji tairi ina kazi ya kuyasukuma maji yapishe ili mpira uifikie barabara. Tairi pana ina maji mengi zaidi ya kusukuma, na yasipowahi kupisha, tairi inapanda juu yake kama ngalawa. Utasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla. Hiyo ndiyo dalili. Vitu vitatu vinaamua: kina cha kashata, upepo na mwendo. Tairi yenye upepo mdogo inaelea mapema zaidi, kwa hiyo jirani na fundi wa pili wakikutana kwenye gari moja siku ya masika, wameharibu kwa pande zote mbili. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vya kuonyesha kuisha. Kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, imekwisha. Kwa mvua zetu za masika, mimi nasema ukifika milimita 3 anza kutafuta nyingine.

Fundi wa kwanza na uzito wake yuko sawa kwa kiasi. Rimu ya 17 ya bei nafuu inaweza kuizidi ya 15 kwa kilo mbili mpaka nne kila moja. Uzito ulio kwenye gurudumu hauungwi mkono na springi, kwa hiyo shokomzoba zinafanya kazi zaidi na gari inachelewa kidogo kuondoka na kusimama. Mafuta yataongezeka kidogo, si cha kukunyima usingizi.

Basi ufanye nini? Una njia tatu zenye maana, na ya nne ya kuiacha.

Ya kwanza ni kubaki na 15 na kununua tairi mpya za 195/65R15 91. Haikupi sura unayoitaka, najua. Lakini kwa mtu wa Makunduchi kila wiki ndiyo nafuu ya kila kitu: bei, upatikanaji, ulaini na spea inayolingana.

Ya pili ndiyo ningekuchagulia: rimu za 16 na tairi 205/55R16 91. Kimo chake ni milimita 632, pungufu ya milimita mbili tu. Spidimita haijui kama kuna kilichobadilika. Namba ya uzito ni ile ile, upepo ni ule ule wa kibandiko cha mlangoni. Ubavu ni milimita 113, umepoteza 14 tu. Macho yanaona tofauti kubwa, hasa kwenye gari ya umbo la Allion, na shimo halioni.

Ya tatu, ikiwa hizo za 17 umeshazipenda na haziachiki, ni kuchukua rimu bila tairi zake. Tia 205/50R17 93 XL: kimo 637, ubavu milimita 102, na uwezo wa kilo 650. Tairi hii inakubali rimu ya upana usiozidi inchi 7.5. Usipoipata, 215/45R17 91 XL inapatikana kwa wepesi zaidi. Kimo chake ni 625, pungufu kwa asilimia moja na nusu, ubavu 97. Usichukue ile ya 87 isiyo XL, inabeba kilo 545 tu. Kuhusu upepo: tuseme kibandiko chako kinasema 220 kPa, yaani psi 32. Ili kubeba uzito ule ule, 205/50 XL itataka kama 35, na 215/45 XL kama 37. Utaona watu wanasifu 225/45R17 kwa sababu kimo chake kinalingana na cha asili barabara, milimita 634. Kwa hesabu ni kweli, ila inaweza kuwa pana mno kwa nafasi iliyopo kwenye matao ya gari hii, ukaishia kukunja madigadi.

Ya nne ni zile 205/40 ulizopewa. Hata zikiwa za bure.

Sasa rimu zenyewe, maana "matundu matano" hakutoshi. Toyota za matundu matano zipo za mpangilio wa 100 na za 114.3 (kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya matundu), na rimu ya moja haiingii kwenye nyingine kwa halali. Pima mwenyewe kwa rula: chukua boliti moja ya kwenye habu (kitovu ambacho rimu inafungwa), ruka inayofuata, pima katikati mpaka katikati ya ile ya tatu. Ukipata milimita 95 ni 100. Ukipata 109 ni 114.3. Pima na matundu ya rimu vivyo hivyo. Yasipolingana, atakuja mtu kukwambia tundu linatanuliwa kidogo, au iwekwe spesa, kipande cha kuweka kati ya habu na rimu. Ondoka.

Geuza rimu, nyuma ya miguu yake utakuta maandishi kama 17x7JJ +42. Hiyo 7 ni upana kwa inchi. Hiyo 42 ni umbali wa uso unaogusa habu kutoka katikati ya rimu, na ndiyo inayoamua gurudumu litatokeza au litaingia ndani. Soma na ya rimu yako ya asili ulinganishe. Mfano: ya asili ni 6JJ +45 na mpya ni 7JJ +38. Upana umeongezeka inchi moja, nusu yake milimita 12.7 inakwenda kila upande. Namba ya pili imepungua 7, kwa hiyo gurudumu lote limesogea nje milimita 7. Nje limetokeza karibu milimita 20, ndani limesogea karibu 6. Ndani angalia shokomzoba, nje angalia madigadi. Kadiri linavyotokeza nje, beringi za habu zinachoka mapema, na usukani unaanza kuvutwa ovyo kwenye lami yenye makorongo.

Tundu la katikati linasahauliwa na karibu kila mtu. Habu ya Toyota ya 5x100 (matundu matano, mpangilio wa 100) ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu nyingi zisizo za kiwanda cha gari zimetobolewa kubwa, mara nyingi 73.1, ili ziingie gari nyingi. Nafasi inayobaki huzibwa kwa pete maalumu, ya plastiki ngumu au ya alumini. Bila pete, rimu inaning'inia kwenye nati peke yake, ikikaa upande kwa nusu milimita tu usukani unatetemeka kuanzia mwendo wa 70 au 80, na fundi atabalansi mara tatu bila kuelewa. Muulize muuzaji pete ziko wapi. Akishangaa, umeshajua.

Kwa sababu ni mtumba, tafuta nyufa. Rimu "safi sana" wakati mwingine ni rimu iliyopakwa rangi juzi. Angalia upande wa ndani, usiopakwa, hasa pale miguu inapoungana na duara. Rimu iliyochomelewa usiichukue hata kama mshono umesagwa vizuri. Alumini iliyochomelewa pale inapobeba uzito haina dhamana. Omba kila moja izungushwe kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa, ukitazama mdomo wa ndani kama unacheza. Halafu pitisha kidole pale tairi inapokaa. Ukikuta unga mweupe na vishimo, ni kutu ya alumini, na hapa kwetu na hewa hii ya bahari haikosekani. Upepo utakuwa unavuja polepole, psi mbili tatu kwa wiki, na pancha haionekani. Vishimo vidogo vinasafishwa kwa brashi ya waya na kupakwa dawa ya kuziba ukingo. Vikiwa vya kuingia ukucha, mwachie mwenyewe.

Na ikiwa bado unashawishika na tairi za mtumba, za ukubwa wowote, soma vitu viwili. Tafuta neno DOT ubavuni. Namba nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya umri huo imekwisha hata kama kashata imejaa, maana mpira huzeeka ukiwa umekaa pia. Baada ya miaka mitano tairi inataka kukaguliwa kila mwaka, na miaka kumi ndiyo mwisho ambao watengenezaji wengi wanauweka, kwa nchi zisizo na jua letu. La pili ni neno STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji, zinakuja kwa wingi na mitumba ya Japani zikiwa na kashata nene ya kupendeza. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Unguja saa saba mchana unakuwa kama halua. Unaisha haraka, na gari inayumba ukikata kona. Neno lenyewe likiwa limefutika, angalia herufi baada ya namba ya uzito: nyingi ya hizo zina Q.

Siku ya kufunga usiruhusu zote nne zivalishwe tairi mara moja. Tairi ikishavaa, muuzaji hairudishi. Ivishwe moja, ifungwe mbele, gari ishushwe chini. Kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, na kati ya tairi na shokomzoba ipite angalau milimita 10, unene wa kidole kidogo. Paka chaki kwenye ukingo wa ndani wa madigadi, watie watu watano, pita kwenye tuta taratibu, kisha angalia kama chaki imefutika. Rudia na gurudumu la nyuma. Ikishafaulu, malizieni zilizobaki, kila moja na valvu mpya.

Nati nazo si za kubahatisha. Kama rimu zako za asili ni za alumini, nati zake zina washa bapa na shingo ndefu. Rimu za mtumba zisizo za Toyota nyingi zinataka nati yenye ncha ya koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inakaza ukidhani imeshika, kumbe inagusa ukingo tu, na italegea. Uzi ni wa milimita 12, hatua 1.5. Nati lazima iingie mizunguko sita na nusu kabla ya kukaza, ikifika minane ni bora. Ikiingia minne boliti ni fupi kwa rimu hiyo. Kaza kwa mtindo wa nyota, kwa spana ya kipimo, nyutoni mita 103. Usipake oili kwenye uzi, utakaza kupita kiasi bila kujua. Bunduki ya upepo itumike kufungulia, isiwe ya kukazia mwisho.

Upepo pima asubuhi kabla gari haijatembea. Tairi ikipata moto upepo hupanda psi nne hivi, hiyo ni kawaida, usiupunguze.

Mambo mengine hayangoji ushauri wa kusoma. Ukiona uvimbe ubavuni, weka spea hapo hapo ulipo. Ukisikia harufu ya mpira au mkwaruzo kwenye kona, au usukani ukitetemeka hata baada ya balansi, au tairi ikiliwa upande mmoja ndani ya miezi miwili, peleka kwa fundi mwenye mashine ya alaimenti, mwambie akague na boljointi na bushi kabla ya kugusa vipimo. Tairi fupi haziharibu bushi zilizo nzima, lakini zilizochoka zitaanza kusema.

Baada ya safari ya kwanza, kati ya kilomita 50 na 100, nati zikazwe tena. Kwako wewe ni rahisi: ukirudi Fuoni kutoka Makunduchi umeshaingia humo humo. Spea yako ya 195/65R15 iache kwenye buti, inalingana kimo na 205/55R16 na 205/50R17 hata ukilazimika kuitumia siku mbili. Gurudumu la mbele likipata pancha, hamishia zima la nyuma mbele na spea ikae nyuma, kwa sababu Allion nyingi huvutia mbele. Na zile nati tano za asili zitie kwenye mfuko pamoja na jeki. Kama rimu ya spea yako ni ya alumini ya asili, nati za koni za rimu mpya hazitaishika, na hilo ni jambo baya kuligundua usiku, Jozani, mvua inanyesha.